Wizi au unyang'anyi? Mwongozo kamili wa sheria ya Uganda, kutoka tukio hadi hukumu

"Afande, wameniibia pikipiki." Ndivyo alivyosema kijana mmoja wa boda boda kwenye kaunta ya kituo cha polisi mashariki mwa Uganda, saa nne usiku, kola ya shati imechanika na damu imemkaukia nyuma ya sikio. Afande akaandika kwa Kiingereza alichosikia: wizi wa pikipiki. Panga halikuandikwa. Wala haikuandikwa kwamba abiria alimkaba shingo kabla ya mwenzake kuchomoza kichakani. Kijana hakuulizwa, naye hakuona haja ya kueleza. Si walikuwa wanamwona alivyo?

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Miezi baadaye nilisimama kando yake akitoa ushahidi, na wakili wa utetezi akamwuliza: kama panga lilikuwepo, mbona usiku ule hukulitaja? Nililitafsiri swali lile kwa uchungu, maana jibu nilikuwa nalijua na sikuwa na ruhusa ya kulisema. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya watu kama yeye, na pia kwa ajili ya mtu ambaye mwanawe ameshikwa kwa kosa hilihili na haelewi kwa nini jirani aliyeshtakiwa kwa wizi amepata dhamana wiki ileile, huku wake akipelekwa rumande.

Lugha yetu nayo inachangia. Kwetu, anayechomoa simu mfukoni kwenye steji ya taksi ni mwizi, na anayevunja mlango na bunduki mkononi ni mwizi pia. Sheria inawatenga kabisa. Wakenya husema wizi wa mabavu, Watanzania husema unyang'anyi, na sisi wa mpakani tunayasikia yote mawili. Hapa nitasema unyang'anyi, na ule unaoweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo nitauita unyang'anyi mzito.

Kwanza, namba za vifungu

Makosa haya yamo katika Sheria ya Adhabu ya Uganda. Kwa miaka mingi ilijulikana kama Sura ya 120, na unyang'anyi ulikuwa kifungu cha 285 na 286. Sheria za nchi zilipochapishwa upya na toleo hilo kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ikawa Sura ya 128 na vifungu hivyo vikawa 266 na 267. Maneno ya kosa ni yaleyale. Ukiona hukumu ya zamani inataja 286(2) na hati ya mashtaka ya sasa inataja 267(2), ni jambo moja.

Hatua ya 1: Je, kuna wizi?

Unyang'anyi ni wizi ulioongezewa nguvu. Wizi ukikosekana, unyang'anyi haupo, hata mtu awe amepigwa vipi. Kwa hiyo anza hapa.

Lazima kiwepo kitu kinachoweza kuibwa, na lazima kiwe kimechukuliwa. Kuchukua maana yake ni kukisogeza, hata kidogo. Mahakama ya Juu, ile ya mwisho ya rufaa nchini, ililisisitiza jambo hili katika kesi ya Sula Kasiira dhidi ya Uganda: bila kitu kuondolewa mahali pake pasipo ridhaa ya mwenyewe, hakuna wizi. Aliyeshika usukani wa pikipiki akakimbia kabla haijasogea amejaribu, hajaiba.

Halafu kuna nia. Mchukuaji awe amekusudia kwa hila kumkosesha mwenyewe mali yake kwa kudumu. Sheria huhesabu pia hila za aina nyingine, kama kuichukua mali ili kuiweka rehani.

Kuna neno moja hapa linalowaponza wengi, nalo ni haki ya kudai. Anayechukua kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ni chake hajaiba, hata kama amekosea. Tazama pikipiki za mkopo, ambazo siku hizi ni nyingi barabarani. Kijana amechelewa kulipa, vijana wa mkopeshaji wanamsimamisha na kumpokonya ufunguo. Kijana atapiga kelele kwamba amenyang'anywa. Mahakama itauliza kama waliamini kwa dhati kwamba wana haki ya kuichukua ile pikipiki. Wakiwa na mkataba unaosema hivyo, shtaka la unyang'anyi litayumba. Lakini kama walimpiga, shambulio lipo palepale, na lina kifungu chake. Imani ya kwamba mali ni yako haikupi ruhusa ya kumvunja mtu mkono.

Kinyume chake nacho ni kweli. Dereva wa boda asiyemiliki pikipiki anaweza kunyang'anywa sawa na mwenye logibuku, yaani kadi ya umiliki. Sheria humlinda hata aliyekabidhiwa mali kwa muda, kwa hiyo usiambiwe kituoni kwamba mpaka aje mwenye chombo ndipo upokelewe.

Hatua ya 2: Nguvu ilitumika lini, na kwa ajili gani?

Maneno ya kifungu yana mambo mawili ya kuyashika: wakati na kusudi. Nguvu, au tishio la nguvu, itumike wakati wa kuiba, au punde tu kabla, au punde tu baada. Na iwe imetumika ili kukipata kitu, au kukibakiza, au kuzima upinzani wa mwenyewe. Inaweza kuwa dhidi ya mtu au dhidi ya mali, kwa hiyo anayevunja kioo cha gari ili dereva aachie begi amefikia kiwango hicho hata kama hakumgusa dereva.

Chukua simu ileile moja. Kijana anaichomoa mfukoni mwako kwenye msongamano wa soko la Owino, Kampala, na hujasikia lolote: ni wizi. Anaichomoa, unamgundua, unamshika shati, naye anakupiga kichwa ili aondoke nayo: sasa ni unyang'anyi, kwa sababu nguvu ilikuja punde baada ya kuiba na kusudi lake lilikuwa kuibakiza simu. Mnagombana naye baa kwa sababu ya deni la zamani, anakuangusha, mnaachana, kisha anaiona simu yako chini na kuiokota: hapo kuna shambulio, na kuna wizi, lakini kipigo hakikutolewa kwa ajili ya simu. Mwendesha mashtaka mzuri atayatenga hayo mawili. Asipoyatenga, wakili wa utetezi atamfanyia kazi hiyo.

Ndiyo maana swali la "kwa nini alikupiga?" lina uzito kuliko "alikupiga vipi?" Ukieleza tukio, sema aliyoyatamka. "Leta ufunguo au nikukate" ni sentensi inayobeba tishio na kusudi kwa pamoja. Iseme kama ilivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, na uombe iandikwe hivyohivyo.

Hatua ya 3: Je, ni unyang'anyi mzito?

Adhabu ya kifo kwa kosa hili iliingizwa mwaka 1968, nyakati ambazo jina la kondo, yaani jambazi mwenye silaha, lilikuwa likiwanyima watu usingizi Buganda na kwingineko. Leo unyang'anyi huwa mzito kwa njia mbili, na moja inatosha: mhusika alikuwa na silaha ya kuua, au alimsababishia mtu kifo au madhara makubwa mwilini. Tena ni wakati wa tukio, punde kabla, au punde baada.

Kuhusu silaha, sheria ilibadilika sana mwaka 2007. Kabla ya hapo upande wa mashtaka ulilazimika kuonyesha kwamba bunduki ile kweli ingeweza kuua: ilifyatuliwa, au ganda la risasi lilipatikana, au mtaalamu aliipima. Kesi ya Wasajja ya mwaka 1975 iliwaachia washtakiwa wengi mwanya, kwa sababu jambazi anayeinyooshea familia bunduki bila kufyatua alikuwa hajathibitishwa kuwa na silaha ya kuua. Nakumbuka wazee wa mahakamani wakilalamikia jambo hilo, na nadhani walilalamika kwa haki: mama aliyelala kifudifudi na watoto wake hana namna ya kujua kama bunduki ina risasi. Marekebisho ya 2007 yakaziba mwanya. Sasa inatosha kuwa nayo, na hata mfano wa bunduki, ule wa kuchonga mti au wa plastiki, unahesabika. Vilevile kitu chochote ambacho kikitumiwa vibaya kinaweza kuua au kumtia mtu hofu ya kuuawa. Vilevile dawa ya kumpoteza mtu fahamu: wale wanaowawekea abiria dawa kwenye soda au biskuti ndani ya basi wanaingia kwenye kosa hili zito, ingawa hawakuinua hata mkono.

Panga, kisu, jiwe kubwa, na kile chuma ambacho Kampala wanakiita kitayimbwa, vyote vimewahi kuingia. Si lazima silaha ipatikane na kuletwa mahakamani. Shahidi akiieleza vizuri, urefu wake, mpini wake, ilishikwa mkono gani, mahakama inaweza kuridhika.

Madhara makubwa si kila jeraha. Ni ulemavu, au jeraha la hatari, au linaloharibu afya au kiungo kwa kudumu au kwa uzito mkubwa. Anayelieleza jambo hilo ni daktari, kupitia Fomu ya Polisi namba 3, ile PF3. Nitairudia, kwa sababu kesi nyingi hufia hapo.

Ndugu wa unyang'anyi, kwa haraka

Kuna kujaribu kunyang'anya, na likifanywa kwa silaha ya kuua adhabu hufika kifungo cha maisha. Kuna kumshambulia mtu kwa nia ya kuiba. Kuna kudai mali kwa vitisho. Kuna kuvunja nyumba na kuingia kwa nia ya kutenda kosa: mchana hufika miaka 7, usiku huwa 10. Kuna kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, kwamba imeibwa. Hilo la mwisho liogope ukinunua simu ya bei ya kutupa bila risiti. Mahakama ikikosa ushahidi wa nguvu au wa silaha, inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa kosa dogo lililomo ndani ya lile kubwa, hivyo wengine huingia na shtaka la unyang'anyi na kutoka na hukumu ya wizi wa kawaida, ambao kikomo chake ni miaka 10.

Hatua ya 4: Ni yeye?

Hapa ndipo kesi hushindwa au kushinda, na hapa ndipo mtu asiye na hatia huweza kuozea gerezani. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea uso. Ukiona mtu kizimbani kwa sababu ya ushahidi wa jicho moja la usiku, usikimbilie kuamini.

Kipimo kinachotumika tangu kesi ya Abdalla Nabulere ya mwaka 1979 kina maswali manne. Mwanga ulitoka wapi? Umbali ulikuwa hatua ngapi? Ulimwona kwa muda gani? Ulimfahamu kabla? Jaji hujikumbusha, na huwakumbusha wazee wa baraza, raia wanaokaa naye kumshauri, hatari ya kutegemea utambuzi wa namna hiyo pale hali ilipokuwa mbaya.

Yule kijana wa boda aliulizwa maswali hayo yote. Alijibu: taa ya pikipiki ilikuwa bado inawaka, na yule wa panga alipita mbele yake ili kuzima swichi. Alionyesha umbali kwa mkono, kutoka kizimbani hadi meza ya karani. Alimjua kwa sura, alikuwa akimwona kwenye soko la mitumba. Hayo yalikuwa majibu mazuri sana, ila hakuna hata moja lililokuwa kwenye maelezo yake ya kwanza.

Kama mshukiwa humjui kwa jina, polisi wataandaa gwaride la utambulisho. Tangu kesi ya Ssentale ya mwaka 1968 kanuni zake ni wazi: mshukiwa apangwe na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, urefu na mwonekano, aambiwe kwamba anaweza kuwa na wakili au rafiki, achague mwenyewe pa kusimama, askari anayepeleleza kesi asilisimamie, na shahidi asiwe amemwona kabla. Ukiwa shahidi, kataa kuonyeshwa picha yake kwenye simu ya mtu yeyote. Ukiwa ndugu wa mshukiwa, uliza kama alionyeshwa kwa mashahidi pale selo kabla ya gwaride.

Wakiwa wengi, huhitaji kuthibitisha nani alifanya nini. Walioungana kwa nia moja hubeba matendo ya mwenzao: aliyesimama njiani kuchungulia anaweza kuhukumiwa sawa na mwenye panga.

Njia nyingine ni mali yenyewe. Mtu akikutwa na kitu kilichonyang'anywa muda mfupi tu uliopita na akashindwa kutoa maelezo yanayoingia akilini, mahakama inaweza kusema yeye ndiye mnyang'anyi, au angalau mpokeaji. Muda hupimwa kwa aina ya kitu. Simu hubadili mikono kwa siku moja, pikipiki huchukua muda zaidi. Lakini lazima uthibitishe kwamba kitu ni chako. Namba ya chesisi, namba ya IMEI ya simu, alama ya kuchomelea uliyoweka chini ya kiti: viandike leo, kabla hujanyang'anywa.

Hatua ya 5: Saa za mwanzo

Mshukiwa akishikwa na wananchi, asiguswe. Nimeona picha za maiti za vijana waliochomwa kwa matairi, zikiletwa kama kielelezo katika kesi nyingine, kesi ya mauaji, na walioshtakiwa walikuwa watu wa kawaida: fundi, mama wa mboga, mwanafunzi. Ile nia moja niliyoitaja inawashika na wao. Na aliyechomwa hajulikani tena kama alikuwa yeye.

Ripoti kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kama yuko karibu, lakini usiishie hapo. Nenda polisi usiku huohuo na uchukue namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Omba PF3 uende hospitali ya serikali kabla jeraha halijapona, hata kama unahisi ni dogo. Nguo yenye damu usiifue. Ikabidhi, na ihesabike kwenye orodha ya vielelezo. Ukimtaja mshukiwa kwa jina tangu taarifa ya kwanza, ushahidi wako hupata nguvu ambayo hautaipata baadaye.

Kwa aliyeshikwa: Katiba, ibara ya 23, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ibara ya 28 inamhesabu hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kila kipengele bila kuacha shaka ya maana, na yeye hana deni la kuthibitisha lolote, hata akidai kwamba usiku ule alikuwa mahali pengine. Na kwa kuwa kosa linabeba kifo au maisha, serikali inapaswa kumpa wakili kwa gharama yake yenyewe.

Hatua ya 6: Mahakama gani, muda gani, adhabu gani?

Unyang'anyi wa kawaida unaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, na hapo kikomo ni miaka 10. Ukisikilizwa Mahakama Kuu, hufika maisha. Ule mzito husikilizwa Mahakama Kuu peke yake. Hakimu atamsomea mshtakiwa shtaka lakini hatamwuliza kama anakiri, jambo linalowashangaza ndugu wanaofika siku ya kwanza wakitaraji aseme kitu. Hana pa kusema bado.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dhamana. Kwa kosa ambalo hakimu pia anaweza kulisikiliza, mtu aliyekaa rumande siku 60 bila kesi kuanza ana haki ya dhamana kwa masharti ya haki. Kwa lile la Mahakama Kuu pekee ni siku 180 kabla ya kesi kukabidhiwa Mahakama Kuu. Akipata dhamana, mlalamikaji asidhani amehongwa mtu: dhamana haifuti kesi.

Zamani kifo kilikuwa cha lazima kwa unyang'anyi mzito, jaji hakuwa na hiari. Kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, iliyomalizikia Mahakama ya Juu Januari 2009, ililivunja hilo, na sheria ya mwaka 2019 ikasafisha yaliyobaki kwenye vitabu. Miongozo ya adhabu ya 2013 inaanzia miaka 35, na jaji hupanda au kushuka kwa kuangalia umri, kama ni kosa la kwanza, madhara yaliyotokea. Siku za rumande hupunguzwa kwa hesabu kamili, tangu uamuzi wa Rwabugande wa mwaka 2017. Na kifungo cha maisha ni maisha yenyewe, si miaka 20 kama watu wanavyoambizana.

Jambo moja ambalo walalamikaji hawaliombi kwa sababu hawalijui: isipokuwa pale mtu anapohukumiwa kifo, mahakama inatakiwa kuamuru mnyang'anyi alipe fidia kwa hasara na majeraha. Njoo na risiti za hospitali, bei ya pikipiki, hesabu ya siku ulizokosa kazi.

Hatua ya 7: Kabla ya kutia sahihi

Nimeiweka mwisho, lakini kwa mlalamikaji hufanyika usiku uleule. Maelezo yakishaandikwa, omba usomewe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005, na askari wengi wanakijua. Mshtakiwa naye ana haki ya mkalimani bila malipo. Sikiliza kama umesikia panga, kama umesikia shingo, kama umesikia maneno aliyoyatamka, taa ilikowaka, na hatua ngapi. Kisichopo, sema kiongezwe kabla kidole chako hakijagusa wino. Na kama ulishatia sahihi na umekumbuka kesho yake, rudi uandikishe maelezo ya nyongeza siku hiyohiyo, ueleze na sababu ya kusahau. Kijana wa boda alirudi baada ya miezi mitatu, alipoitwa na mwendesha mashtaka, na hiyo miezi mitatu ndiyo aliyoulizwa asubuhi nzima.